Dakika Kumi za Ngomeni

Matukio, tarehe na vipimo vya simulizi hii ni vya kweli. Mafundi wawili wa Ngomeni ni wa kubuni, na maneno yao ni ya mwandishi.

SEHEMU YA KWANZA

Saa 11:58 alfajiri, Ijumaa ya Februari 28, 1997, miale mikali iliipiga setilaiti moja iliyokuwa ikizunguka juu ya ikweta, kilomita 600 hivi kutoka ardhini. Pigo la kwanza lilidumu sekunde chache, kisha kukawa kimya. Baada ya sekunde 40 yakaja mengine matatu, kila moja hafifu kuliko lililotangulia. Dakika moja na nusu haikutimia, mambo yakawa yamekwisha.

Setilaiti haikuwa na wa kumwambia. Haikuumbwa kuongea na dunia saa yoyote itakayo. Ilichokiona ilikiandika kwenye kinasa chake, ikaendelea na safari, ikisubiri kufika mahali pamoja palipokuwa na dishi la kuisikiliza. Mahali hapo ni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi. Upande mmoja mikoko, upande wa pili mashamba ya chumvi, na ndani ya uzio madishi ya kituo cha Waitalia ambacho wenyeji wamezoea kukiita San Marco. Baharini, katika Ghuba ya Ungwana, yalisimama majukwaa ya chuma ambayo zamani maroketi yalirushwa kutoka juu yake. Maroketi yalikwisha mwaka 1988. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kusikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Mtoto ana homa. Tumekesha naye."

"Pole sana. Joto limeshuka?"

"Limeshuka, alhamdulillahi."

Mzee hakuuliza zaidi. Alimsogezea kijana kikombe cha kahawa chungu, akamwachia kiti cha mbele ya kompyuta, mwenyewe akakaa pembeni alipozoea. Kwenye skrini namba zilikuwa zikihesabu kurudi nyuma. Dakika nane. Dakika saba na nusu.

Setilaiti waliyokuwa wakiingoja iliitwa BeppoSAX. Ilikuwa mali ya Italia kwa ushirikiano na Uholanzi, ikarushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani, Aprili 30, 1996. "Beppo" lilikuwa jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini, nayo ilipewa jina hilo kwa heshima yake. Njia yake angani ilichaguliwa makusudi iambae na ikweta, kwa mteremko usiofika digrii 4, ili kila mzunguko wake wa dakika 96 uipitishe juu ya pwani ya Kenya. Ikishafika, ilionekana kwa dakika kumi hivi. Katika dakika hizo ilikuwa lazima kinasa kimwage kila kilichobeba, na amri zote mpya kutoka Roma zipande. Dakika zikipita, mpaka mzunguko mwingine.

"Mtoto wetu anakuja," mzee alisema, bila kutazama skrini.

Nje dishi lilikuwa limekwisha kugeukia magharibi, kuelekea bara. Wageni waliotembelea kituo walikuwa wakishangaa hapo, maana walizoea kwamba vitu vya angani huchomoza baharini. Setilaiti hii iliizidi dunia mbio. Ilichomoza juu ya mashamba ya watu wa bara na kuzama upande wa Bahari ya Hindi.

"Mzee, ile ya mwaka sabini nayo ilichomoza hivi hivi?"

"Ile?" Mzee alitabasamu. "Ile nimeiona ikiondoka. Nilikuwa kijana wa kupakia masanduku kwenye boti. Desemba 12, siku ya sherehe za uhuru, miaka saba imetimia tangu bendera ipandishwe. Roketi likatoka pale baharini, tukalisindikiza kwa macho mpaka shingo zikauma. Wakaiita Uhuru. Setilaiti ya kwanza duniani iliyopelekwa juu kwa kazi ya eksirei za angani peke yake, na imetoka hapa. Watu wa Nairobi wenyewe hawajui."

"Imeshika!" kijana alisema.

Mistari ya kijani iliruka kwenye skrini. Dishi lilikuwa limeipata setilaiti, na kinasa kikaanza kumwaga. Wawili hawa hawakuwa na uwezo wa kusoma kilichomo. Kwao zilikuwa namba zinazopita, kazi yao ni kuhakikisha hakuna hata moja inayopotea, na kwamba zote zinaunganishwa moja kwa moja na Roma. Dakika kumi zilipoisha dishi lilikuwa limeinamia bahari. Kijana akaandika kwenye daftari la zamu kwamba mpito umekwenda salama.

Ndani ya namba hizo, pigo la saa 11:58 lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwao.

Katika chumba cha zamu huko Roma, mtaalamu aliyekuwa akipitia mapokezi ya asubuhi alifikia mchoro wa kifaa kimoja ambacho awali hakikukusudiwa kuona chochote. Ndani ya BeppoSAX kulikuwa na chombo cha kupima miale mikali, na pembeni yake vibao vinne vya madini ya sizi na iodini vilivyowekwa kama ngao, kuzuia chembe zinazoingia kwa ubavuni. Wataalamu wa Kiitalia, wakiwamo Filippo Frontera na Enrico Costa, walikuwa wamepigania ngao hizo zipewe nyaya na saa zake zenyewe, kwa hoja kwamba kinachoweza kuzuia miale ya gama kinaweza pia kuihesabu.

Mstari wa ngao ulikuwa umelala. Mahali pamoja ukasimama wima, ukashuka, ukatulia, kisha ukatoa vilima vitatu.

Mlipuko wa miale ya gama. Hilo peke yake halikuwa jipya. Milipuko ya namna hii hutokea karibu kila siku, leo upande huu wa anga, kesho ule, na ilikuwa imekwisha kurekodiwa kwa maelfu bila mtu kujua inatoka wapi. Swali lililomkausha mtaalamu koo lilikuwa jingine. BeppoSAX ilibeba pia kamera mbili za eksirei zenye uwanja mpana, kila moja ikitazama upande wake, na zote mbili pamoja zilifunika kipande kidogo tu cha mbingu. Je, saa 11:58, mojawapo ilikuwa imeelekea kule?

Akafungua data za kamera ya kwanza, akatafuta sekunde ile ile.

SEHEMU YA PILI

Sekunde ile ile, kamera ilikuwa imeona.

Kuelewa kwa nini watu wa Roma waliacha vikombe vyao mezani, sharti turudi nyuma zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kutolipua mabomu ya nyuklia angani, baharini wala katika anga za juu. Marekani ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela kuchunga kama kuna anayevunja ahadi kwa siri, maana bomu likilipuka hutoa miale ya gama. Julai 2, 1967 Vela zikanasa miale ya gama. Lakini haikuwa na sura ya bomu. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos, wakiongozwa na Ray Klebesadel, walipoipitia mistari hiyo baadaye wakagundua kwamba haikutoka duniani, wala kwenye jua. Mwaka 1973 walitangaza milipuko 16 iliyotoka kusikojulikana.

Tangu hapo likazuka tatizo moja ambalo halikuwaachia wataalamu usingizi. Miale ya gama haipindwi na lenzi wala haikusanywi na kioo cha kawaida, hivyo darubini ya gama haikupi picha. Inakupa saa, na upande kwa kukadiria. Setilaiti kubwa ya Marekani iliyorushwa mwaka 1991, Compton, ilinasa mlipuko karibu kila siku, ila duara la "umetoka hapa" lilikosea kwa digrii kadhaa. Ndani ya duara la namna hiyo zimo nyota na galaksi zisizo na idadi. Wakati mahali panapopatikana kwa usahihi, kwa kulinganisha setilaiti zilizo mbalimbali, siku zimekwisha kupita na anga imetulia.

Ndiyo maana mambo yote yalitegemea haraka. Wapo waliokuwa wamekokotoa kwamba kitu chochote chenye nguvu ya kutoa mlipuko kama huu lazima kiache nyuma mabaki ya moto. Miale ya gama ni mwali. Nyuma yake kuna kaa linalopoa, likishuka kutoka eksirei kwenda mwanga wa kawaida, hadi mawimbi ya redio. Ukiwahi, utalikuta jekundu. Ukichelewa, ni majivu, na majivu ya angani hayaonekani.

Roma ilikuwa imekwisha kuonja kuchelewa. Januari 11 mwaka huo huo mlipuko mkubwa uliangukia ndani ya kamera. Ilichukua saa 16 kuigeuza setilaiti, na vyombo vyake makini vilipofika havikukuta kaa lolote la kujitambulisha.

Sasa walikuwa na mlipuko mwingine, na saa inakwenda.

Kamera za BeppoSAX, zilizotengenezwa Utrecht na kikundi cha John Heise, hazikuwa na lenzi. Zilikuwa na bamba lenye matundu maelfu, yaliyotobolewa kwa mpangilio maalumu. Kila nyota ya eksirei hupitisha miale kwenye matundu hayo na kutupa kivuli chake chini. Kompyuta hupima kivuli kimesogea kiasi gani, ndipo ijue nyota ilipo. Asubuhi ile kompyuta ilitoa kivuli kipya kabisa, kwenye kundi la nyota la Orioni. Duara la kukosea lilikuwa na nusu kipenyo cha dakika tatu za tao, yaani upana wa duara zima ni moja ya tano ya upana wa mwezi mpevu.

Hakuna aliyewahi kupewa anwani ya karibu hivyo, mapema hivyo.

Kilichobaki ni kuigeuza setilaiti yenyewe, vyombo vyake vya kuona kwa makini vielekee huko. Na amri ya kuigeuza haikuwa na mlango mwingine wa kupandia.

"Mzee," kijana alisema, akiwa ameweka simu chini, "Roma wamebadili ratiba. Wanataka tupandishe amri."

"Amri gani?"

"Anageuzwa."

Mzee alisogeza kiti. Katika kituo hiki ratiba ilipangwa mapema sana. Setilaiti ilipewa nyota zake za wiki, ikazitazama moja moja, na mtu aliyeomba nyota yake miezi mingi kabla aliisubiri siku yake kwa hamu. Kumkatiza lilikuwa jambo zito.

"Anageuzwa atazame wapi?"

"Hawakusema. Wamesema isikosekane."

"Basi haitakosekana. Soma namba kwa sauti, nami nizifuate kwenye karatasi."

Kijana akasoma, mzee akafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitamka kila tarakimu baada yake. Waliporidhika, wakasoma tena kuanzia chini kwenda juu. Dishi likageukia magharibi. Dakika kumi zikaanza kuhesabu, na safari hii namba zilikuwa zikipanda.

"Amepokea," kijana alisema. "Amejibu."

Kilomita 600 juu yao, BeppoSAX iliacha nyota ya mtu, ikaanza kujizungusha.

Saa 8:14 mchana kwa saa za Kenya, saa nane na ushei tangu pigo la kwanza, vyombo makini vilifunguka. Data zilianza kushuka Ngomeni mpito baada ya mpito, zikapita kwenda Roma. Enrico Costa na wenzake wakatazama ndani ya duara.

Palikuwa na chanzo cha eksirei. Kiling'aa waziwazi, na katika orodha zote za anga zilizokuwepo hapakuwa na chochote kilichopata kuandikwa mahali pale.

Hata hivyo tahadhari ni sehemu ya kazi hii. Anga ina vyanzo vingi vya eksirei ambavyo havijaorodheshwa. Huenda kimoja kilikaa pale tangu zamani, bila uhusiano wowote na mlipuko. Kulikuwa na jaribio moja la kutenganisha kaa na nyota. Kaa hupoa. Ikabidi wasubiri, kisha warudi kutazama tena.

Machi 3, amri nyingine ikapanda kutoka Ngomeni. BeppoSAX ikarudi Orioni, ikafungua macho.

SEHEMU YA TATU

Kilikuwa kimefifia mara 20.

Kwa siku tatu na nusu chanzo kile kilikuwa kimepoteza karibu mwanga wake wote, na kilififia kwa utaratibu ule ule uliokokotolewa na walioamini habari za kaa. Kwa mara ya kwanza tangu Vela, mlipuko wa miale ya gama ulikuwa na mabaki yanayoonekana, na mabaki hayo yalikuwa na anwani.

Lakini eksirei hazikutosha. Ili ujue kitu kiko mbali kiasi gani unahitaji mwanga wa kawaida, na darubini kubwa ya ardhini. Habari ya duara la Roma ilikuwa imefika Amsterdam siku ya kwanza, kwa Jan van Paradijs na wanafunzi wake wawili, Titus Galama na Paul Groot. Usiku wa kuamkia Machi 1, saa 21 hivi baada ya mlipuko, darubini ya William Herschel yenye kioo cha mita 4.2, juu ya mlima wa kisiwa cha La Palma, iligeuzwa kwenye duara ikapiga picha.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara naona ugumu wa kazi ya vijana wale. Ni vitone vyeupe juu ya weusi, vingine nyota za karibu, vingine galaksi za mbali, na hakuna hata kimoja kinachojitokeza kusema ni mimi. Picha moja haisemi kitu. Ilibidi ipigwe ya pili, mahali pale pale, kaa likiwa limekwisha kupoa, ndipo zilinganishwe. Ya pili ilipatikana Machi 8, kwenye kilele hicho hicho.

Wakaziweka kompyutani ubavu kwa ubavu, wakaanza kupita kitone kwa kitone. Hiki kipo huku, kipo na huku. Hiki kipo huku, kipo na huku. Ndani ya duara la BeppoSAX wakafikia kitone hafifu, hafifu mara milioni moja kuliko nyota dhaifu kabisa inayoonekana kwa jicho tupu. Katika picha ya kwanza kipo. Katika ya pili, pale pale, ni weusi mtupu.

Katikati ya Machi tangazo likatoka, na darubini zote kubwa duniani zikageukia Orioni. Machi 26 ikafika zamu ya darubini ya angani, Hubble. Kutoka juu ya hewa Hubble iliona mambo mawili: nukta iliyokuwa bado inafifia, na pembeni yake ukungu hafifu, karibu hauonekani.

Ukungu ule ndio uliowasha ugomvi.

Miaka miwili kabla, Aprili 1995, wanaastronomia walikutana Washington kwa mjadala wa hadhara. Donald Lamb alisimama upande mmoja akasema milipuko hii ni ya karibu, inatoka kwenye nyota zilizokufa zinazoizunguka galaksi yetu wenyewe. Bohdan Paczyński, mwanaastronomia Mpolandi, akasimama upande wa pili, akasema inatoka mbali mno, kwenye galaksi nyingine, ndiyo maana imetapakaa sawa pande zote za mbingu. Martin Rees aliongoza. Watu waliondoka ukumbini kila mmoja na upande wake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na umbali wa hata mlipuko mmoja mkononi.

Sasa, kama ukungu wa Hubble ni galaksi, na nukta imo ndani yake, Paczyński ameshinda. Ila ukungu hauna anwani ya umbali. Ulikuwa hafifu mno kwa wakati ule kupimwa. Aprili 7 Hubble ikarudi kutazama. Kundi moja la wataalamu wa Kiitalia, likiongozwa na Patrizia Caraveo, likapima picha hizo kwa makini, na likatoka na dai lililowashtua wote: nukta imesogea.

Kama ni kweli, mambo yote yamepinduka. Kitu kilicho upande wa pili wa ulimwengu hakiwezi kuonekana kikisogea katika siku 12, hata kingekimbia kwa mwendo wa mwanga. Kinachosogea kiko karibu. Kikundi cha Kailash Sahu, Baltimore, kikapima picha zile zile kikasema hakuna kilichosogea. Picha ni hizo hizo, vipimo viwili, na nukta yenyewe inazidi kufifia. Kila wiki inayopita inachukua nayo ushahidi.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumaliza ubishi huu. Upatikane mlipuko mwingine, na uwahiwe mapema zaidi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Mei 9, saa 6:41 kwa saa za Kenya, ngao za BeppoSAX zikapigwa.

SEHEMU YA NNE

"Roma wanapiga simu saa hizi?" mzee aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ametoka kuswali.

"Wanapandisha amri, mzee. Ya kugeuza."

"Tena?"

"Tena."

Safari hii hakuna aliyemweleza mwenzake la kufanya. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Kijana akasoma, mzee akafuata kwa kidole.

Mara hii mnyororo ulikuwa umepata mazoea. Ngomeni ilishusha, Roma ikasoma, Ngomeni ikapandisha, na saa 6 hivi baada ya mlipuko vyombo makini vya BeppoSAX vilikuwa vimekwisha kufika na kulikuta kaa likiwaka. Anwani ilisambazwa wakati bado ni usiku kwa nusu ya darubini za dunia. Huko Kitt Peak, Arizona, Howard Bond akaelekeza darubini ya mita 0.9, ndogo kwa vipimo vya kazi hii, akaona nyota isiyokuwepo kwenye ramani za zamani. Alipoitazama usiku uliofuata akakuta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Haikuwa imefifia. Ilikuwa imeongezeka.

Iliendelea kung'aa kwa siku mbili. Hapo ndipo walipopata nafasi ambayo mlipuko wa Februari haukuwapa: muda.

Mei 11, kwenye kilele cha Mauna Kea, Hawaii, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, darubini ya Keck II yenye kioo cha mita 10 ikafunguliwa kwa kundi la chuo cha Caltech, wakiwamo Mark Metzger, George Djorgovski na Shrinivas Kulkarni. Hawakutaka picha. Waliupitisha mwanga wa kaa kwenye kifaa kinachoutawanya rangi kwa rangi, kutoka buluu hadi nyekundu, na kuuchora kama mstari mrefu unaopanda na kushuka.

Mwanga wowote unaopita kwenye gesi hung'atwa. Kila elementi hung'ata rangi zake, mahali pake, na alama hizo hazibadiliki popote ulimwenguni. Magnesi huacha alama mbili zilizokaribiana sana, pacha, kwenye nanomita 280 hivi. Huko ni ndani ya urujuanimno, ambako jicho halioni na hewa ya dunia hairuhusu kupita. Kwa hiyo mtu anayetazama kutoka mlimani, akiangalia kitu kilicho karibu, hana sababu ya kuwaona pacha hao.

Kwenye mchoro wa Keck kulikuwa na mashimo membamba. Yalikuwa machache na yametawanyika, na mwanzoni hayakulingana na chochote. Ndipo wakayaona mawili yaliyokaa bega kwa bega, nafasi kati yao ikiwa sawia na ya pacha wa magnesi, ila imetanuka. Jirani yao, kwa utanuzi ule ule, zilikuwapo alama za chuma. Pacha wenyewe walikuwa kwenye nanomita 513.

Kijani. Pacha wa urujuanimno walikuwa wamesukumwa mpaka kwenye kijani.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kusukuma mwanga kiasi hicho, nacho ni safari yenyewe. Mwanga ukiwa njiani ulimwengu unatanuka, na mawimbi yake yananyooshwa pamoja nao. Kadiri safari ilivyo ndefu ndivyo unavyonyooka. Gawa 513 kwa 280, upate mara 1.83. Hesabu ikisomwa kwa umbali, mwanga ule ulikuwa njiani kwa angalau miaka bilioni 7. Ulipoondoka, jua letu halikuwepo. Dunia haikuwepo. Uliikuta BeppoSAX ikipita juu ya ikweta, ukashuka kwenye dishi la Ngomeni usiku ambao mafundi wawili walikuwa wakisomeana namba.

Mjadala wa Washington ukawa umepata hukumu. Paczyński alikuwa sahihi.

Furaha ya Caltech ilikuwa ya haki, ila hesabu haikuishia kwenye umbali. Ukijua taa iko mbali kiasi gani, na imekufikia na mwanga kiasi gani, unaweza kukokotoa ilikuwa na nguvu gani ilipowashwa. Wakakokotoa. Kama miale ile ilisambaa sawa pande zote, basi kitu kile kilitoa, katika sekunde chache, nguvu kupita itakayotolewa na jua katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10.

Hakuna aliyekuwa na kitu cha namna hiyo kwenye orodha. Wengine walisema ni nyota mbili mfu zinazogongana. Paczyński mwenyewe alielekea kwingine: alidhani ni nyota kubwa inayokufa kifo cha ghafla, na kaburi lake kuwa shimo jeusi. Waliompinga waliuliza, kama nyota kubwa inalipuka, mbona hatuuoni mlipuko wa nyota yenyewe? Miezi ikapita. BeppoSAX ikaendelea kugeuzwa, kaa moja baada ya jingine likipatikana, na yote yalififia kwa utaratibu ule ule bila kusema yalikuwa nini yalipokuwa hai.

Kisha ukaja mlipuko wa Aprili 25, 1998, kwa saa za Greenwich. Ulikuwa dhaifu, wa kawaida, hakuna aliyeutarajia makubwa. Dishi la Ngomeni likapokea, Roma ikachora duara, na Titus Galama na wenzake wakapiga picha ya kwanza, kisha ya pili, wakaziweka ubavu kwa ubavu kama walivyozoea, wakatafuta nukta inayofifia.

Ndani ya duara hapakuwa na nukta inayofifia. Palikuwa na galaksi ya karibu, na kwenye mkono mmoja wa galaksi hiyo, mahali ambapo ramani hazikuonyesha kitu, palikuwa na nyota inayozidi kuwaka siku hadi siku.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO